Boneti Juu ya Mtaro

Aliyesema boneti iondoke ni mimi. Nalitanguliza hilo kabla hujalisikia kwa mwingine, maana mtaa wetu kwa kusemea watu haujambo. Siku ya usafi wa mtaa wenzangu walikuwa wameshika mafagio tu. Mwenyekiti alikuwa anasoma orodha ya vitu vibovu vya kuondolewa, akanyanyua macho, akauliza, "Kuna kingine?" Mkono ulioinuka ulikuwa wangu, na mdomo uliosema "ile boneti ya kwetu" ni huu huu unaokusimulia.

Kati ya mlango wetu na barabara pana mtaro wa maji machafu. Mwenye miguu mirefu anauruka bila kufikiri, lakini Mama alikuwa ameanza kupoteza macho, na mimi kwa upande wa miguu sikujaliwa. Basi mdogo wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, akatuletea boneti ya gari bovu, akailaza juu ya mtaro, mgongo juu. Ikawa daraja letu kwa miaka saba.

Kelele yake, we acha tu! Ukiikanyaga inabonyea, ukiondoa mguu inarudi, na kila mtu ilimlilia kivyake. Watoto iliwalilia haraka haraka. Mwalimu mstaafu, huyo mwenyekiti wetu, ilimlilia mara mbili nzito na moja nyepesi ya fimbo. Mama alikuwa anakaa dirishani, na mgeni kabla hajafungua mdomo ameshaitwa. "Karibu, Mwalimu, naona leo una viatu vipya." "Wewe shemeji, mbona unanyata, umekuja kuazima nini tena?" Wageni walidhani ni uchawi. Sisi tulizoea. Kwetu hakuna aliyepiga hodi; unavuka, unaitwa, unaingia.

Katika miguu yote hiyo, ulikuwepo mguu mmoja ambao Mama alikuwa anaungoja.

Miaka minne nyuma Baba alizidiwa. Mama alimwambia mdogo wangu, kitindamimba wake, "Saa sita uwe hapa na gari, tumpeleke hospitali." Yeye alikuwa na geti la mtu la kumalizia. Mafundi mnawajua: bado kipande kimoja tu, kipande kimoja tu. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Alipoikanyaga boneti ilikuwa saa kumi, na Baba alikuwa ametutoka saa tisa. Siku tuliyotoka kuzika, watu wamejaa uani, Mama alisema mbele ya wote, "Usije ukapiga hodi kwangu. Usipige mpaka nikuite mwenyewe, kwa mdomo wangu." Mdogo wangu alichukua begi lake la vifaa, akavuka, akaenda zake.

Wiki haikuisha Mama akawa ameshajuta. Tukipiga simu, haipatikani. Mara tuambiwe yuko mji mwingine, mara yuko machimboni, mara ameonekana bandarini anapakia mizigo. Kila msafiri tulimpa ujumbe: ukimwona mwambie Mama anamwita. Ujumbe ulikwenda, jibu halikuja. Ndipo kiti cha dirishani kikawa makazi yake. "Atakuja tu," alikuwa akisema. "Atavuka, nitamsikia, nitamwita. Hatapata shida ya kupiga hodi." Alisema hivyo macho yakiwa yanaona kidogo, na yalipozimika kabisa, mwaka jana, aliendelea kusema.

Haya yote niliyajua. Hakuna aliyeyajua kunishinda. Sasa utaniuliza, ilikuwaje?

Ilikuwa hivi. Boneti ilikuwa imeoza kwa kutu. Kingo zake zilikata kama wembe. Mama zilimchana muundi mara mbili, na mtoto wa jirani alishonwa nyuzi nne kwa ajili yake. Takataka zilikwama chini yake, zikaoza, zikanuka. Kelele zake mimi nilikuwa nimeacha kuzisikia siku nyingi, kwa sababu nina macho, mlango wangu nautazama tu. Na nikisema ukweli wote, nilikuwa nimechoka. Miaka minne mama yangu uso wake uko dirishani. Nampa chai, uso dirishani. Namsimulia visa vya wateja wangu, ananiambia, "Ngoja kwanza," anasikiliza miguu ya watu barabarani. Jamani, na mimi si nipo? Ninayemwogesha, ninayempaka mafuta miguu, ninayeshona mchana kutwa pembeni yake, nipo! Wivu huo nilikuwa nao, na nausema sasa kwa sababu umeshanigharimu.

Siku ya usafi yenyewe ilikuwa Jumamosi, na tulijiona watu wa maana kweli. Mwenyekiti alivaa kofia ya majani mapana akapuliza filimbi. Mimi ndiye katibu, daftari kwapani, tepu yangu ya cherehani shingoni, naelekeza watu ambao hawakuniomba maelekezo. Vijana walipewa chokaa wapake kuta za mtaa mzima. Wakapaka kuta, wakapaka mawe, wakapaka na kibao cha Kinyozi aliye mkabala na sisi, kile kilichochorwa vichwa sita vya mitindo ya nywele. Alipotoka nje kuangalia, limebaki sikio moja. "Ala!" alipiga kelele. "Mimi nauza masikio?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma, yeye peke yake ndiye hakucheka.

Takataka nazo, zilizokuwa zimejificha kila nyumba kidogo kidogo kwa adabu zake, tulizitoa zote tukazikutanisha kwenye kona moja, zikawa mlima. Gari la manispaa lilikuwa lije saa tisa. Mpaka leo wanasema liko njiani. Mtaro nao tuliuzibua ukawa safi, maji yanakimbia, na kwa sababu yanakimbia, uchafu wote wa mtaa wa juu ukapata njia ukashuka kwetu. Kesho yake tuliamka na viatu vya watu tusiowajua. Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Jumamosi ile tulikuwa bado mashujaa.

Mama hakuwepo. Mama mdogo alikuwa amempeleka kliniki ya macho, nami nilikuwa nimeipanga siku hiyo hiyo makusudi, nimshtue kwa furaha. Fundi mwashi wa nyumba ya tatu alishaniandalia slabu ya zege tangu wiki iliyotangulia, nene, kingo zimelainishwa, na pembeni akatia bomba la kushikia. Boneti waliing'oa watu wanne. Mzee wa vyuma chakavu akapita na mkokoteni wake, akaipakia, akaondoka nayo. Haikuchukua dakika kumi.

Saa saba Mama akarudi, kamshika mama mdogo mkono. Sisi tumejipanga na mafagio yetu, tumenyamaza, tunatabasamu kwa mtu asiyeona. Akafika. Akanyanyua mguu kama alivyozoea, akaukanyagia slabu. Akasimama. Akagonga kwa kisigino. Kimya.

"Tumekosea nyumba," alimwambia mama mdogo.

"Ni kwetu, Mama," nilisema. "Karibu!"

"Sauti yako naisikia. Lakini hapa si kwangu. Kwangu panalia."

Tukamweleza wote kwa pamoja: zege, bomba la kushikia, hutaumia tena. Nilimshikisha bomba. Alilipapasa toka juu mpaka chini, akainama akapapasa na ukingo wa slabu. Mama yangu ana adabu ya watu wa zamani. "Ahsanteni sana," alisema. "Mmefanya kazi kubwa. Mwashi, mikono yako isiumwe." Kisha akauliza, sauti ndogo, "Na ile boneti iko wapi?"

Mwenyekiti alianza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho asubuhi.

Nilipomwingiza ndani alikaa dirishani, akaniambia, "Sasa akija nitajuaje?" Hapo ndipo akili iliponirudia. Nilikimbia mwenyewe mpaka kwa mzee wa vyuma chakavu, kandambili moja ikanitoka njiani, nikaiacha. Boneti alikuwa ameshaikata vipande vinne ienee kwenye gunia.

Usidhani majirani walikaa tu. Walihangaika hasa. Jumapili Mwashi alileta bati nene akalilaza juu ya slabu, na mwenyekiti, mtu wa miaka sabini na presha zake, alilirukia mara tatu mbele ya dirisha ili Mama atoe maoni. "Linapiga kelele, Mwalimu," Mama alisema, "ila haliniambii kitu. Shuka usije ukavunjika." Bati likaondolewa. Wakakubaliana kila anayevuka aseme jina lake kwa sauti. Walisema siku moja na nusu, wakasahau; nani ana muda wa kujitangaza kila akienda dukani?

Mama akaanza kuita. Upepo ukivuma anaita, "Nani? Karibu!" Tairi likikwaruza anaita, "Karibu, mwanangu!" Jumatatu alimkaribisha mbuzi. Akamwambia mbuzi, "Ingia, mbona umesimama?" Na watu waliokuwa kwa Kinyozi wakasikia, wakaangua kicheko. Mimi damu ikanichemka, lakini badala ya kuwakemea wao nilimkemea yeye. "Mama, basi! Usiite ite kila kitu, watu wanatucheka. Ukihisi mtu, niulize mimi. Mimi ndiye nitatazama."

"Sawa, mama," alinijibu. Ananiita mama nikikasirika, kunipoza. "Nitakuuliza wewe."

Akawa ananiuliza. Kila baada ya muda: kuna mtu? Natazama, hakuna. Kuna mtu? Natazama, mpita njia. Nilikuwa na sketi arobaini za shule za kupinda, zinatakiwa Jumatano asubuhi. Jumanne jioni zilikuwa zimebaki kumi na moja, nami cherehani yangu ya pedali inanguruma kama mashine ya kusaga. Mama akageuka kutoka dirishani akasema, "Kuna mtu nje."

"Hakuna mtu, Mama."

"Nahisi kama mtu anapumua."

"Hakuna mtu."

Sikunyanyua kichwa. Mguu sikuutoa kwenye pedali. Akarudisha uso wake dirishani akanyamaza, na mimi nikafurahi kwamba amenyamaza.

Zikapita wiki mbili. Kwa Kinyozi nilikwenda kumpelekea shuka jipya la kuwafunika wateja, nimemshonea bure, kumpoza kwa lile sikio. Alikuwa anamnyoa mtu ndevu, na manung'uniko yake ni yale yale.

"Wateja wananipita, Dada. Hawajui kama hapa ni kinyozi. Juzi kati jamaa alisimama pale nje nikasema huyo ni wangu, ananitafuta, kumbe ni mteja wako wewe. Na wewe ukamwacha akaondoka."

"Mteja gani?"

"Yule wa Jumanne, baada ya usafi. Ana begi. Nikajua ana suruali za kupunguza."

"Mimi Jumanne sikujiwa na mtu."

"Ndio maana nasema ulimwacha. Nilikuwa namwona kwenye kioo, mgongo kanipa, nami namnyoa mtu kichwa. Alivuka pale kwenu, akasimama dirishani. Akarudi barabarani, anajikokota. Akavuka tena. Hivyo mara tatu, nenda rudi, nenda rudi. Nikasema huyu ana wazimu au ana aibu?"

Nilikuwa bado nacheka, we! Nikamuuliza, "Dirishani alikuwa anafanya nini?"

"Hata sijui. Anaipapasa ile grili yenu. Anapitisha kidole gumba pale vyuma vinapoungana, kimoja kimoja, kama anataka kuinunua."

Nikatafuta pa kukaa. Grili ile mdogo wangu aliichomelea mwenyewe, kazi yake ya kwanza tangu aitwe fundi. Na kidole gumba hicho nakijua. Tangu anajifunza, chuma chochote akikipita lazima akipitishie gumba kwenye maungio aone kama kimeshika. Baba alikuwa akimtania kwamba hata akioa ataanza kumkagua bibi harusi maungio.

"Kinyozi," nilisema, "Mama alikuwa wapi?"

"Si palepale dirishani? Walikuwa wanatazamana. Hatua moja kati yao. Mama akageuka ndani kidogo akasema kitu, kisha akamrudishia uso, akamtazama, kimya. Hapo ndipo jamaa alipochukua begi lake akaondoka." Wembe ulisimama hewani. "Dada, kwani ni nani?"

Kinyozi alikuwa amehamia mtaani miaka miwili tu iliyopita. Habari za mdogo wangu alizisikia, sura hakuijua. Na mdogo wangu alipoondoka, Mama alikuwa bado anaona. Hakuna aliyemwambia kwamba yale macho yaliyomkazia sasa hayana kitu. Alisimama mbele ya mama yake akingoja aitwe, kama alivyoambiwa, na mama yake akamtazama usoni asimwite. Nilijaribu kumweleza Kinyozi, nikashindwa, nikalia pale pale mbele ya mteja mwenye povu shavuni, na yule mteja, mtu nisiyemjua, akanipa taulo lake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee wa vyuma chakavu. Mafundi wote wa kuchomelea wananunua mabaki kwake. Nikamweleza namtafuta kijana mrefu, mkimya, ana alama ya moto mkono wa kushoto. Mzee alifikiri huku anatafuna kijiti. "Huyo amerudi mjini karibuni tu," alisema. "Anapanga nyuma ya yadi ya malori, ile nyumba ya vyumba kumi. Chumba cha mwisho." Kumbe mtu tuliyemtafuta miji yote alikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najishauri. Nimfiche? Nimlete kwanza mdogo wangu, kisha niseme amekuja leo? Ningeweza. Nilishafungua mdomo niseme uongo, lakini Mama alikuwa amekaa pale, uso dirishani, na uongo ukanikwama. Nilimwambia yote. Kuvuka mara tatu, gumba kwenye grili, walivyotazamana.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa anangoja nimwite."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuwa hapa."

"Ulikuwa hapo."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza," nilisema. "Uliniuliza mara mbili."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Akanyoosha mkono akanitafuta kichwa, akakishika, akakitingisha kidogo kama anavyopima nazi. Kisha akasema, "Nipe viatu."

"Mama, jua kali. Nitakwenda mimi nimlete."

"Umlete aje kupiga hodi? Nilimkataza. Nipe viatu, mwanangu."

Tulifika saa tisa na robo. Nyumba ile ni ukumbi mrefu wa sakafu ya saruji, milango mitano huku, mitano kule, ndoo na majiko nje ya kila mlango. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafua alituambia fundi yuko kazini, atarudi jioni, na akatupa kigoda. Mama hakukitaka. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa chumba cha mwisho, akakunja miguu yake iliyovimba. Aliupapasa mlango nyuma yake, kitasa, bawaba, kufuli. "Kufuli lake limepakwa mafuta," alisema, na nikaona amefurahi.

Tukangoja. Watu walianza kurudi kazini. Kila hatua ikiingia ukumbini Mama anainua kidevu, anasikiliza, anakishusha. "Si yeye. Huyu ni mnene." "Si yeye. Huyu ana haraka, amebanwa." Mwanamke anayefua alicheka, akasema kweli, huyo ni hivyo kila siku. "Si yeye." "Si yeye." Ilikuwa imefika saa kumi na moja. Mimi nafikiria: je, akituona akageuza? Akisema mimi niliyesimama dirishani kwenu mkanitazama kama mti, leo mnataka nini? Atakuwa amekosea wapi?

Ikaja hatua nyingine. Moja nzito, kisha kitu kinaburutwa. Nzito, kinaburutwa.

Hii Mama aliisikiliza kuliko zote. Akashusha kidevu. "Si yeye," alisema kwa sauti, kwa uchovu. "Huyu ni mzee. Mguu wake mmoja mbovu."

Nikageuka kutazama.

Alikuwa amesimama mwanzo wa ukumbi, begi begani. Amekonda. Mguu wa kulia umepinda kuanzia kwenye goti. Baadaye nilikuja kujua ni geti lililomwangukia machimboni, mwaka wa pili tu tangu aondoke. Alikuwa amemwona Mama, na Mama uso umemwelekea yeye, macho wazi, na ndiye aliyetoka kusema "si yeye." Sura ile sitaki kuiona tena maishani. Alianza kugeuka.

"Mama haoni!" nilipiga kelele, milango ikafunguka. "Haoni kitu! Tangu mwaka jana haoni! Jumanne ile hakukuona, mimi ndiye niliyemwambia hakuna mtu, mimi!"

Akasimama. Begi likateremka begani taratibu mpaka chini. Lakini hakuja. Akanitazama mimi, kisha akamtazama Mama, akabaki pale pale, na nikaelewa. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Miaka minne, na mguu umeharibika, na bado anatii.

"Unapigia nani kelele?" Mama aliuliza.

"Mwite, Mama."

"Nani?"

"Huyu aliyesimama."

"Huyu simjui."

"Unamjua. Usioujua ni mguu tu. Uliumia, Mama. Mwite."

Mama akashika kitasa nyuma yake, akajivuta, akasimama wima, akajifunga vizuri kanga yake kama mtu anayepokea mgeni. Kisha akamwita. Hakumwita kwa jina la shuleni wala la kazini. Alimwita kwa lile alilompa akiwa mgongoni, lile ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau.

"Njoo," alisema. "Karibu. Njoo, baba."

Akaja. Mwanamke anayefua kashika nguo inayochuruzika hajui. Nzito, kinaburutwa. Nzito, kinaburutwa. Mama ameinamisha kichwa upande mmoja, midomo inasogea bila sauti. Alipofika Mama akamshika uso, mabega, akashuka mpaka kwenye goti, akalishika kwa mikono miwili, akakaa hivyo muda mrefu. Mdogo wangu alikuwa analia bila kujificha. "Nisamehe, Mama," alisema. "Nilichelewa."

Mama alijifuta pua kwa kanga, akamsukuma kifua taratibu, kwa kiganja.

"Rudi kule mwanzo," alimwambia, "uje tena. Pole pole. Nataka nikujue."

Na yeye, na mguu wake ule, na kazi ya kutwa nzima mwilini, akageuka, akauburuta mpaka mwanzo wa ukumbi, akaanza upya kuja.